Mpwa ataka kutia Windows 11 kwenye kompyuta zote za duka, mume akataa

Mwalimu,

Pokea salamu kutoka Kakamega. Nina duka la saiba hapa karibu na steji. Tunachapa, tunapiga skani, tunawajazia watu ritani za kodi za KRA, tunawafungulia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na wanafunzi wa Masinde Muliro hutuletea projekti zao. Lakini kinacholisha nyumba yangu hasa ni programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha na historia ya marehemu. Ikifika Jumatano na Alhamisi, familia huingia na picha ya marehemu na karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na wanataka nakala mia mbili kabla mwili haujatoka mochari.

Nina kompyuta tatu, zote Windows 10. Ya kaunta ni ya mezani, Core i3 ya kizazi cha 4. Hiyo ndiyo iliyoshikana na printa, na ndiyo inayoweka kazi zangu zote tangu 2016. Ya pili ni laptopu ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, HP EliteBook 840 G3, ambayo wateja hukalia. Ya tatu ni EliteBook 840 G5, niliyoinunua zamu yangu ya chama ilipofika. Ritani nazifanyia hapo.

Mtoto wa kaka yangu anasomea kompyuta, na likizo hii yuko kwetu. Ameniambia, "Shangazi, Windows 10 imekwisha. Nipe Jumamosi moja nitie Windows 11 zote tatu." Anasema hata zile mbili za zamani zinazokataa ana flashi ya kuzilazimisha. Baba watoto hataki kusikia. Kila jambo hili likitajwa mezani anajibu kwa methali moja: usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta zinafanya kazi, wateja wanahudumiwa, kwa nini tuziguse?

Mimi nimeumwa na nyoka, Mwalimu. Alhamisi moja mwaka jana mwezi wa tatu, saa kumi na moja jioni, mashine ya kaunta ilijizima yenyewe ikaanza kusasisha. Kwenye benchi alikuwa mzee aliyemleta marehemu mke wake katika fremu ya kioo, ili tuipige picha hiyo skani. Ameipakata mapajani kama mtoto. Kwenye skrini namba ikafika asilimia 27 ikasimama. Nilimpa chai. Saa moja usiku bado 27. Saa mbili akainuka, akafuta kioo cha fremu kwa mkono wa koti, akaniambia, "Mama, wacha tutafute kwingine." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kesho yake nilimwita fundi azime masasisho yote kwenye mashine zote. Hata G5 ilipokuja nikamwambia aizime vilevile. Tangu siku hiyo hazijanisumbua.

Sasa nisasishe au niache? Mpwa ana haraka kwa sababu chuo kinafunguliwa, na sitaki kugombanisha nyumba kwa ajili ya kompyuta.

Mama Saiba, Kakamega


JIBU

Mama Saiba,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilikwama kwa mzee yule na fremu yake. Naijua hali hiyo. Miaka niliyokuwa nikifundisha Nakuru, nilikubali kubadilisha mfumo wa kompyuta ya karani wa shule moja siku za mwisho wa muhula. Stima ikapotea katikati ya kazi. Iliporudi, mashine haikuwaka, na alama za wanafunzi wa vidato vyote vinne hazikuwa mahali pengine popote. Karani aliziandika upya kutoka kwenye karatasi za walimu kwa wiki mbili. Kwa hiyo sitakuambia kwamba hofu yako ni ya bure.

Ila kuna jambo limenitia wasiwasi kuliko swali lenyewe, nawe umelipita haraka mwishoni: masasisho yamezimwa kwenye mashine zote tangu mwaka jana. Hapo ndipo pa kuanzia.

Neno sasisho tunaliita kwa vitu viwili tofauti. Kimoja ni kiraka cha usalama, ambacho Microsoft hukitoa kila mwezi, Jumanne ya pili. Kwetu huku huwa ni usiku. Mashine hukipakua Jumatano, kisha hutafuta nafasi ya kujizima na kuwaka. Sishangai hata kidogo kwamba ni Alhamisi iliyokuumiza. Kitu cha pili ni toleo jipya zima, kama kutoka Windows 10 kwenda 11. Kiraka ni kuziba ufa. Toleo ni kuhamia nyumba nyingine. Mpwa wako anataka kukuhamisha, mumeo hataki kuhama, na katikati ya mvutano huo hakuna anayeona kwamba nyufa za nyumba mnayoishi zimeachwa wazi zaidi ya mwaka.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka uohuo, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ikapita kwenye ufa uleule, ikafunga faili za watu na kudai malipo. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Na ili nimtendee haki baba watoto, nitaje upande wa pili. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo kubwa la Windows 10, na baadhi ya waliokimbilia siku za kwanza walikuta faili za kwenye folda ya Documents zimefutika. Kampuni ikalisimamisha baada ya siku chache, likarudi Novemba. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu, na nimeushika kwa miaka: kiraka usikicheleweshe, toleo jipya usilikimbilie. Windows 11 yenyewe ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, kwa hiyo anayeiweka leo hawezi kuambiwa ana pupa.

Methali ya mumeo ni nzuri, ila hapa mbachao wenyewe ndio unaochakaa. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea viraka vya bure kwa kila mtu. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na ndiyo sababu inaonekana hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba ufa mpya ukigunduliwa leo, kwako hauzibwi. Nawe duka lako limejaa vitambulisho vya watu, namba zao za PIN, na nenosiri walizokuachia Chrome ikumbuke. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimsamehi mwenye duka dogo. Jioni moja ukiwa na nafasi, fungua folda ya Downloads kwenye ile G3 uone vitambulisho vya watu wangapi vimelala humo, kisha uvifute.

Sasa mashine zenyewe. Usizifungie kwenye uamuzi mmoja, maana kila moja ina maisha yake.

G5 ihamishe. Nyingi za laptopu hizo zilikuja na Core i5 au i7 za kizazi cha 8, na hicho ndicho kizazi ambacho kwa Intel orodha ya Windows 11 inaanzia. Hata hivyo usiniamini mimi wala mpwa; bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na uone kama chipu ya usalama inasema 2.0. Kisha pakua PC Health Check ya Microsoft, itakupa jibu la ndiyo au la. Kiwango cha chini ni ramu ya GB 4 na diski ya GB 64, lakini kwa kazi yako ramu ya GB 4 ni mateso. Hakikisha ina 8. Kama Windows 10 iliyomo ni halali, kuhama ni bure. Ukiambiwa ulipe, au ukipewa kopi ya mtaani iliyovunjwa kufuli, kataa. Huwezi kujua aliyevunja kufuli aliingiza nini kingine.

Hapa namwomba mpwa anisikilize, maana namwona ana moyo wa kusaidia. Kuna njia mbili za kutumia ile flashi yake. Ukiifungua Windows 10 ikiwa imewaka na kuendesha setup kutoka ndani yake, faili na programu za Shangazi zinabaki. Ukiiwasha mashine kwa flashi na kufuta sehemu za diski, kila kitu kinaondoka, na hakuna kitufe cha kurudi. Tumia njia ya kwanza, au subiri toleo lije lenyewe kupitia Windows Update. Ukishahamia, unayo siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Mipangilio, sehemu ya Recovery. Kabla hazijaisha, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, nazo zitakuwa siku 60. Na katika muda huo mtu asifute folda inayoitwa Windows.old kwa kisingizio cha kutafuta nafasi.

Jambo la akaunti ni zito zaidi kuliko linavyoonekana. Kwenye Windows 11 mara nyingi diski hujisimba yenyewe, yaani hujifunga kwa msimbo, unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuifungua, tarakimu 48, huwekwa kwenye akaunti hiyo. Ikiwa mpwa ataingia kwa akaunti yake ili kuharakisha, halafu arudi chuoni, siku mashine itakapoomba ufunguo utakuwa unampigia simu akiwa kwenye mtihani. Akaunti iwe yako, Mama, kwa namba yako ya simu. Ufunguo uandike kwenye daftari lile unaloandikia madeni.

G3 usiilazimishe. Mpwa anasema kweli kwamba inawezekana, ila ile ina kizazi cha 6, na Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta zisizotimiza masharti hazina uhakika wa kupata masasisho. Utakuwa umehama nyumba ili ukae tena bila viraka, safari hii bila hata kujua. Kwa sasa irudishie huduma ya Windows Update iliyozimwa na fundi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver. Ikisoma 22H2, yaani toleo la mwisho la Windows 10, inaweza kusajiliwa kwenye mpango wa viraka vya ziada, ambao Microsoft ilitangaza kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Kiungo cha kujisajili kiko palepale kwenye ukurasa wa Windows Update. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft, hulipi kitu. Usipotaka, ni dola 30 au pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Akaunti moja inasajili hadi kompyuta 10, kwa hiyo mbili zako za zamani zinaingia pamoja.

Mpango huo ukiisha, ningeitia G3 Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaokaa mahali pa Windows. Wateja wanaoikalia wanaandika barua, wanafungua baruapepe, wanajaza fomu za eCitizen, na hayo yote kivinjari cha Firefox na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, zinayaweza. Ritani za KRA zile za faili la Excel lenye makro ziache kwenye G5. Hiyo ni kazi nzuri ya mpwa likizo ijayo, akitaka.

Mashine ya kaunta ndiyo inayonikosesha usingizi, na wala si kwa sababu ya Windows. Umesema inaweka kazi zote tangu 2016. Asilimia 27 iliyosimama kwa saa tatu yaweza kuwa dalili ya diski ile ya sahani inayozunguka, ama imechoka ama imeanza kufa. Tega sikio lako karibu na kasha asubuhi inapowaka. Ukisikia tiki-tiki ya kurudiarudia, usifanye kitu kingine siku hiyo ila kunakili. Diski hiyo haitangoja wewe na mumeo mwelewane.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ya mpwa, nunua diski ya nje. Nakili Desktop, Documents, na diski D nzima ikiwa unayo. Usisahau fonti, yale maandishi ya mapambo mnayoandikia jina la marehemu. Bila hizo kazi ya zamani ikifunguliwa kwingine hupanguka mistari. Kama programu za mazishi mnazitengeneza kwa Publisher ya Microsoft, jua kwamba Microsoft ilitangaza kuiacha Oktoba 2026, kwa hiyo kila kazi unayotaka kuitunza ihifadhi pia kama PDF. Watu hurudi. Mwaka mmoja baada ya mazishi familia huja kuomba picha ile, au ile historia ya marehemu iliyosomwa, kwa sababu nakala zao zililowa na mvua. Wewe ndiye mtunza kumbukumbu wa vijiji kadhaa, hata kama hakuna aliyekupa cheo hicho.

Ukishanakili, chomeka diski hiyo kwenye G5 na ufungue faili kumi za miaka tofauti. Nakala ambayo haijafunguliwa kwenye mashine nyingine sijaiamini tangu siku ile ya Nakuru. Kisha ipeleke nyumbani, isilale dukani.

Baada ya hapo, mwambie fundi unayemwamini atoe diski ya sahani aweke SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, kwenye ile ya kaunta. Utadhani umenunua kompyuta nyingine. Ibaki na Windows 10 na viraka vya ziada, kazi yake ikiwa kuchapa tu. Usije ukajidanganya kwamba ukiitoa kwenye intaneti imepona. Wanafunzi wanakuletea flashi zilizopita kompyuta ishirini, na virusi havihitaji waya wa mtandao kuingia kwa mlango huo. Microsoft imesema Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, kwenye Windows 10 itaendelea kupokea orodha za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na hilo ni msaada, ingawa kumtambua mwizi si sawa na kuziba ufa anaopitia.

Kuhusu Alhamisi zako. Kwenye Windows Update kuna mahali pa kuweka saa za kazi, mpaka saa 18 kwa siku, na mashine haitajizima yenyewe ndani ya saa hizo. Weka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku. Ukiwa na wiki nzito, unaweza kusimamisha masasisho hadi wiki 5, halafu uyaachilie. Siku yako ya kuyaachilia iwe Jumapili. Na mwezi wa sita usibadilishe toleo la mashine yoyote, maana ritani mwisho ni tarehe 30 Juni na foleni huijua mwenyewe.

Siku ya kuihamisha G5 nayo usichague alasiri. Mvua za Kakamega hupiga radi mchana ukiisha, na stima huenda nazo. Anza Jumapili alfajiri, betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa ukutani, na toleo liwe limeshapakuliwa Jumamosi usiku kwa mtandao wa duka. Ni gigabaiti kadhaa. Zitakumalizia bando la simu.

Limebaki la printa. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo kama draiva yako, ile programu inayounganisha kompyuta na printa, ni ya zamani ya aina hiyo, haitakubali. Tafuta kwenye tovuti ya waliotengeneza printa kama kuna draiva ya Windows 11, na uipakue kabla ya kuhama.

Kisha Jumatatu asubuhi, kabla hujafungua mlango, hamisha waya wa printa kutoka kaunta uuchomeke kwenye G5. Chagua programu moja ya mazishi ya zamani, yenye picha ya rangi na kurasa nane, uichapishe yote, pande mbili, na umpe baba watoto aikague. Ikitoka kama ilivyotoka mara ya kwanza, fungua duka. Ikikataa, rudi Windows 10 siku hiyohiyo. Utakuwa na muda, na Alhamisi bado iko mbali.